Taimingi ya moto: maana yake kwenye gari la zamani linaloendeshwa

Taimingi ya moto ni wakati ambao cheche ya plagi inaruka, ukilinganishwa na mahali pistoni ilipo ndani ya silinda. Hupimwa kwa digrii za mzunguko wa kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na hesabu huanzia kwenye kilele, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa kabla ya kuanza kushuka. Fundi akisema injini imewekwa "kumi kabla ya kilele", anamaanisha kwamba cheche inaruka wakati kranki imebakiza digrii 10 kuifikisha pistoni juu.

Kwenye gari la kisasa kompyuta ndiyo inayoamua haya yote, na mwenye gari hana haja ya kuligusa jambo hili. Kwenye gari lenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) na platini (viguso viwili ndani yake vinavyofunga na kufunguka ili cheche itoke), taimingi huwekwa kwa mkono, na huhama yenyewe kadiri gari linavyotembea. Ndiyo maana gari lililokarabatiwa vizuri, injini ikafunguliwa yote na kufungwa upya, linaweza kuanza kuwa zito na kuchemka baada ya miezi michache barabarani ingawa hakuna kilichovunjika. Platini zimelika kidogo tu, na moto umechelewa.

Kwa nini cheche iruke kabla ya kilele

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa hadi pembe za mwisho za silinda, na safari hiyo inachukua muda. Chukua milisekunde 2 kama kadirio. Shinikizo kubwa kabisa linatakiwa lifike pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, karibu digrii 15 baada ya kilele, kwa sababu hapo kranki imekaa vizuri kupokea msukumo. Likifika mapema, linaikandamiza pistoni ambayo bado inapanda. Likichelewa, gesi inaendelea kuungua huku ikiifukuza pistoni inayokimbia chini, na joto linaishia kwenye kuta za silinda, valvu za kutolea moshi na bomba la moshi. Kwa hiyo injini iliyochelewa moto hupoteza nguvu na kuchemka kwa pamoja, na wengi huhangaika na rejeta bure.

Sasa tazama kasi. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kranki inapita digrii 4,800 kwa sekunde, na katika milisekunde 2 inakwenda digrii 9.6. Ikizunguka mara 3,000, muda uleule ni digrii 36. Cheche iliyofaa kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, imechelewa mno barabarani, kwa hiyo lazima iwahishwe kasi inapopanda. Haiwahishwi bila kikomo, kwa kuwa kasi ikiwa kubwa hewa ndani ya silinda huvurugika zaidi na moto husambaa upesi zaidi. Kwenye injini nyingi za barabarani uwahishaji unafika mwisho wake karibu na mizunguko 3,000 hadi 3,500.

Kwenye magari ya mwanzo kazi hii ilikuwa ya dereva mwenyewe. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ina wenzo wa moto upande wa kushoto wa usukani na wa mafuta upande wa kulia. Ukitaka kuliwasha kwa hendeli ni lazima kwanza uucheleweshe moto kabisa. Ukisahau, cheche inaruka pistoni ikiwa bado inapanda, injini inarudi nyuma kwa nguvu, na hendeli inaweza kuvunja mkono. Hili bado ni kweli kwa kila anayeendesha gari la aina hiyo leo.

Baadaye distributa ilichukua kazi hiyo. Ndani yake, chini ya bamba la platini, mna vyuma viwili vizito vinavyoshikwa na springi ndogo. Kasi ikipanda vinatanuka na kuisogeza mbele kamu, ile sehemu ya shafti yenye nundu zinazofungua platini. Kwa nje kuna kikopo chenye utando, kilichounganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba, kinachovutwa na hewa ya kunyonya. Hiki kinahudumia hali ya kukanyaga mafuta kidogo tu, kwa sababu silinda isiyojaa vizuri huungua polepole na inahitaji moto uwahi zaidi. Utando ukipasuka gari bado litakwenda vizuri ukikanyaga hadi mwisho, lakini litakula mafuta kwenye mwendo wa kawaida. Kuupima ni rahisi: nyonya ule mpira kwa mdomo huku mfuniko wa distributa ukiwa umetolewa. Bamba la platini lisogee, na libaki hapo ukiziba mpira kwa ulimi. Likirudi, utando umetoboka.

Platini kwanza, taimingi baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Cheche haitoki platini zinapofunga, inatoka zinapofunguka: umeme wa koili, ile inayokuza volti za betri, unakatika ghafla, na mkatiko huo ndio unaozaa volti kubwa. Mfumo huu aliuendeleza Charles Kettering huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na ulidumu kwa sura ileile kwa zaidi ya miaka sitini.

Kwa kuwa kinachohesabika ni mahali platini zinapoanza kuachana, ukibadilisha uwazi wake umebadilisha na taimingi. Uwazi ukiongezeka, zinafunguka mapema na moto unawahi. Uwazi ukipungua, moto unachelewa. Kisigino cha platini, kile kipande kigumu kinachosugua kwenye kamu, kinalika siku hadi siku, kwa hiyo uwazi unapungua na injini inateleza kuelekea kuchelewa. Atakayesahihisha kwa kuzungusha distributa bila kugusa platini atairudisha taimingi mahali pake kwa muda, lakini cheche itazidi kudhoofika, kwa sababu platini zisizoachana vizuri zinachoma na kuvuja.

Uwazi wa kawaida kwenye injini nyingi za silinda nne ni milimita 0.35 hadi 0.40, kisigino kikiwa juu kabisa ya nundu ya kamu. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi, ipite kwa msuguano mwepesi bila kuusukuma mkono wa platini. Kwenye platini zilizotumika fila geji hudanganya: chuma kimehama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, upande mmoja una kishimo na mwingine kinundu, na geji inapima kutoka kwenye kinundu. Hapo badilisha platini, au pima kwa mita ya pembe ya kufunga, inayoonyesha ni digrii ngapi za distributa platini zinakaa zimefunga. Kwa silinda nne pembe hiyo huwa kati ya 45 na 60 kutegemea distributa. Kila digrii 1 inayobadilika kwenye pembe hiyo inahamisha taimingi digrii 1 ya kranki, kwa kuwa nusu yake tu ndiyo iko upande wa kufunguka, na nusu digrii ya distributa ni digrii 1 ya kranki. Ndiyo sababu mpangilio wa kazi haubadiliki kamwe: platini, kisha taimingi, kisha kabureta.

Platini mpya zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kufungwa, maana huja na mafuta ya kuzuia kutu yanayozuia umeme. Paka grisi kwenye kamu kiasi cha punje ya mchele, isizidi. Ikizidi hurushwa kwenye platini na kuzichoma nyeusi. Kinundu kikikua haraka, shuku kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kinachopunguza cheche kwenye platini. Kipimo chake cha kawaida ni karibu mikrofaradi 0.2, na iliyo nje sana ya hapo huhamisha chuma upesi. Kondensa inayokufa hupenda kufanya hivyo ikipata joto: gari linazima njiani, linakataa kuwaka, likipoa linawaka kama kawaida. Usiamini kondensa kwa sababu tu ni mpya. Ile ya zamani iliyofanya kazi ibaki kwenye buti.

Kuiweka injini ikiwa imezimwa

Toa plagi zote ili kranki izunguke kwa urahisi. Weka kidole kwenye tundu la plagi ya silinda namba 1 na uzungushe kranki kwa upande inaozungukia kawaida hadi usikie hewa inasukuma kidole. Hiyo ndiyo kompresheni. Hatua hii isirukwe, kwani pistoni hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, na ukikosea ukaweka kwenye kilele cha kutoa moshi, injini itapiga mlio kwenye kabureta na haitawaka.

Endelea polepole hadi alama ya puli ifike kwenye digrii za kitabu cha gari lako. Ukipitiliza usirudi kidogo tu. Rudi mbali kisha uje tena mbele, ili kulegea kwa cheni na gia kuishe upande mmoja. Rota, kile kipande kinachozunguka juu ya shafti ya distributa, sasa inapaswa kuelekea waya wa plagi namba 1. Chukua taa ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye nguzo ya koili inayokwenda distributa, wa pili kwenye bodi, yaani chuma cha gari. Washa swichi. Legeza bolti ya distributa, izungushe upande ule rota inaozungukia mpaka taa izime, halafu irudishe taratibu kinyume. Pale taa inapowaka tu ndipo platini zimeachana. Kaza. Zima swichi mara moja, kwa kuwa platini zilizofunga zinapitisha karibu ampea 4 kwenye koili isiyo na kazi, na koili huungua.

Kumbuka kuwa digrii 1 ya distributa ni digrii 2 za kranki. Mguso mdogo wa mkono unatosha kuharibu kila kitu, kwa hiyo baada ya kukaza zungusha kranki karibu mizunguko miwili na utazame taa tena.

Kisha thibitisha kwa taa ya taimingi, injini ikiwa ya moto. Chomoa mpira wa kikopo cha hewa na uuzibe. Sailensa iwe chini kiasi cha vile vyuma vizito kutoanza kutanuka, la sivyo unasoma namba iliyochanganyika. Baada ya hapo pandisha hadi mizunguko 3,000 utazame alama inakwenda wapi. Injini nyingi zenye valvu kwenye silinda hedi hufika digrii 28 hadi 34 bila kikopo cha hewa. Kwa maoni yetu namba hii ya juu ina uzito kuliko ile ya sailensa, kwa sababu hapo ndipo gari linapofanya kazi na hapo ndipo pistoni zinapotobolewa. Alama isiposogea, vyuma vimeshikwa na kutu. Ikiruka mbele ghafla kwenye kasi ndogo, springi zimechoka. Ikitetemeka huku na huko digrii kadhaa, bushi ya shafti ya distributa imelika. Shika shafti uisukume kando: ukihisi inacheza, hakuna platini zitakazokaa sawa mpaka bushi ibadilishwe.

Alama ya puli nayo inaweza kudanganya. Puli zenye mpira katikati huzeeka, mpira ukaachia, na pete ya nje ikazunguka na alama yake. Hakikisha kilele mwenyewe: funga kizuizi kwenye tundu la plagi namba 1, zungusha kranki kwa mkono mpaka pistoni iguse, weka alama, zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Kilele ni katikati ya alama hizo mbili. Kama puli haina alama za digrii, zipime: puli ya kipenyo cha milimita 150 ina mzingo wa milimita 471, kwa hiyo digrii 10 ni milimita 13 ukingoni.

Masikio na petroli

Moto uliowahi mno unajitangaza kwa mlio mkavu wa chuma, wa kasi, gari likipanda mlima kwa gia kubwa. Hapo gesi ya mwisho kwenye silinda inajiwasha yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Usiuzoee mlio huo. Huvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, na mwisho hutoboa pistoni. Ishara nyingine ni stata kukwama au kurudishwa nyuma injini ikiwa ya moto.

Namba ya kitabu iliandikwa kwa petroli ya wakati wake. Injini ya miaka ya 1960 yenye kompresheni zaidi ya 9 kwa 1 ilitegemea petroli ya oktani ya juu (isiyojiwasha yenyewe upesi) yenye risasi. Ukiitilia ya oktani 91 na ikagonga, chelewesha digrii 2, jaribu kwenye mlima uleule, na ikibidi ongeza 2. Ukihitaji kuzidi hapo, tatizo huenda ni masizi kwenye pistoni au mchanganyiko mkavu, yaani wenye petroli kidogo mno. Injini ya kompresheni ndogo haipati faida yoyote kutokana na oktani ya juu.

Kwa gari linaloendeshwa kila wiki, kagua platini na taimingi kila kilomita 5,000 hivi, na utie matone mawili ya oili nyepesi kwenye kisufi kilicho chini ya rota.

Wapo wanaoondoa platini na kuweka kihisi cha elektroniki ndani ya distributa ileile. Ni uamuzi mzuri kwa gari la safari, kwani hakuna kisigino cha kulika. Hata hivyo vyuma, springi, utando na bushi vinabaki vilevile, na taimingi lazima iwekwe upya kwa taa ya taimingi kwa kuwa kihisi hakikati umeme mahali platini zilipokata. Kabla ya kununua angalia upande wa betri ulioungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yana chanya kwenye bodi, na kihisi cha hasi kikiungwa humo kinaungua mara swichi inapowashwa.