Mtama wenye njaa hupiga kelele

Machi nilikuwa Chamwino, shambani kwa mama mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, lakini mtama wake ulikuwa umedumaa, majani yamesinyaa kama wa kiangazi. Chini ya mashina, vimaua vyekundu vya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. "Hiki kiduha nang'oa kila mwaka, mwanangu, na kila mwaka kinarudi."

Nilikichimbua kimoja pamoja na mzizi wa mtama, nikaumwagia maji ya chupa udongo ukatoka: mizizi yake imeng'ang'ania ule wa mtama kama kupe. Ukikiona juu, kimeshanyonya chini wiki kadhaa. Mmea mmoja huacha mbegu makumi ya maelfu, laini kama ugoro, na hukaa ardhini hata zaidi ya miaka 10.

Mvua peke yake haiziamshi. Zinangoja strigolaktoni, kemikali inayotolewa na mizizi. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, ikatuchanganya miaka karibu 40: mmea utamwitaje mwizi wake? Mwaka 2005 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba mwaliko ni wa kuvu rafiki, wanaouletea mmea fosforasi. Kiduha ni mdoezi tu. Na mmea ukikosa fosforasi huzidisha kuita, ndiyo maana shamba lililochoka hukishamirisha. Nikisisitiza samadi, sababu ni hiyo.

Mwaka 2017 ikatajwa jeni ya mtama iitwayo LGS1. Mtama ulioikosa hutoa strigolaktoni iitwayo orobankoli badala ya nyingine, 5-deoksistrigoli, na kwa mwito huo mbegu nyingi za kiduha haziamki. Mimi, nikiri, navutiwa zaidi na kazi ya kabla ya hapo: Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alikuwa ameshazalisha mtama unaostahimili kiduha bila kuijua jeni hiyo, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Hapa kwetu tunazo mbegu za mtama unaostahimili kiduha, Hakika na Wahi.

Wengine wanatengeneza kemikali za kukihadaa: unaziweka kwenye shamba tupu, mbegu zinaota, zinakuta mwenyeji hayupo, zinakufa. Maabara imefika mbali, ila bei kwa mkulima wa ekari mbili ndiyo hofu yangu.

Na yule mama tumekubaliana: msimu ujao nusu ya shamba Hakika, nusu mbegu yake mwenyewe, samadi kote, na kiduha king'olewe kabla hakijatoa maua.