Nyumba yako, serikali na diwani uliyemchagua: dhana potofu kuhusu utwaaji wa ardhi Marekani

Dhana: Ardhi ya mtu hutwaliwa kwa ajili ya barabara, shule au reli tu.

Ukweli: Marekebisho ya Tano ya Katiba yanadai "matumizi ya umma" na fidia ya haki, ila maneno "matumizi ya umma" yamevutwa kama mpira. Mwaka 2005, katika kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London, Connecticut, majaji watano kwa wanne wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba kukuza uchumi wa mji kunatosha, hata kiwanja kikiishia kwa mwekezaji binafsi. Wamiliki tisa walikuwa wakipigania viwanja 15. Walishindwa, nyumba zikaondolewa, mradi ukakwama, na eneo likaota magugu kwa miaka mingi.

Dhana: Usipotia saini, hawakufanyi kitu.

Ukweli: Ukikataa ofa, mamlaka hufungua shauri. Katika majimbo mengi huweka fedha mahakamani na kuchukua ardhi bei ikiwa bado inabishaniwa. Hapo ndipo watu hujikwaa: kuna majimbo ambako ukishachukua fedha hizo, haki ya kupinga utwaaji wenyewe imekwisha, unabaki na ubishi wa bei. Muulize wakili kabla hujazigusa.

Dhana: Fidia hurudisha ulichopoteza.

Ukweli: Hulipwa bei ya soko. Ujirani wa miaka 40 hauna thamani kwa mthamini.

Dhana: Diwani aliyepiga kura ardhi yako itwaliwe unaweza kumshtaki akulipe kutoka mfukoni.

Ukweli: Tangu uamuzi wa Bogan dhidi ya Scott-Harris wa 1998, madiwani wana kinga dhidi ya madai binafsi chini ya sheria ya shirikisho ya haki za kiraia, kwa kazi yao ya kutunga sheria. Kilichobaki ni sanduku la kura, nalo lina mtego. Kule New London baraza lilikabidhi mamlaka ya kutwaa kwa shirika la maendeleo ambalo hakuna mpigakura aliyelichagua, kwa hiyo wa kulaumiwa hakuonekana kirahisi. Usihangaike na msemaji wa mradi. Omba azimio la baraza lililotoa mamlaka hayo, pamoja na kumbukumbu za kikao zinazoonyesha kura ya kila diwani kwa jina. Pingamizi lako liandike na ulipeleke kwenye kikao cha kusikiliza maoni, kabla kura haijapigwa, liingie kwenye kumbukumbu.

Dhana: Mwakilishi yeyote anaweza kung'olewa kabla ya muda wake.

Ukweli: Wabunge wa Kongresi hawang'olewi na wapigakura katikati ya kipindi. Kwa madiwani, inategemea sheria ya jimbo na hati ya mji, yaani kanuni kuu zinazouongoza mji.