Shangazi hajavuta sigara hata moja, mapafu yamechoka: COPD, ugonjwa sugu wa mapafu unaobana pumzi, na maneno ya mtaani Lamu

Neno la kwanza watu wanauliza ni "kwani alikuwa akivuta?" Hajavuta. Shangazi yangu wa Langoni ameamka kabla ya alfajiri miaka 30 na kitu akikaanga mahamri kwa kuni, jikoni hakuna dirisha, moshi unatokea mlangoni tu. Sasa akipanda ngazi anasimama ya tatu, mkono ukutani, anatweta. Sigara ndo inaongoza kuleta ugonjwa huu, kweli, lakini moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba unaharibu mapafu vilevile, na vumbi la kazini pia. WHO wanasema wanaokufa na COPD kabla ya miaka 70, karibu 9 kati ya 10 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi.

Ati ni uzee. Jamani, uzee haumtoi mtu makohozi kila asubuhi miezi nenda miezi rudi. Njia za hewa zimevimba zikabana, vifuko vya hewa vimeharibika, pumzi inaingia lakini kutoka ndo kazi. Sisi tulizungushwa karibu mwaka mzima na chupa za dawa ya kikohozi mpaka alipopulizishwa mashine ya spirometria, ile ya kupima pumzi. Unavutishwa kwanza dawa ya kupanua kifua, halafu unapuliza kwa nguvu, na kama hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote uliyotoa, njia zimebana.

Kilichoniuma zaidi ni kikombe. Watoto walishaanza kumtengea kikombe chake. COPD haiambukizi! Kikohozi kikipita wiki 2 pimeni TB, sawa, lakini yeye alipimwa hana, sasa kikombe cha nini?

Halafu inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, eti ukianza huachi. Si ulevi ule, unaendelea nayo sababu ugonjwa wenyewe haujaondoka, na dawa kidogo tu inafika moja kwa moja kifuani. Alikuwa hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, tukatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita inhela ikaingia, akawa anavutia mdomoni mwa chupa, dawa ikaanza kufika.

Na wale wanaosema akae asichoke wanamuumiza bila kujua, manake misuli ikilegea pumzi inazidi kuwa fupi. Jioni tunatembea naye pwani polepole, akichoka tunasimama, anavuta kwa pua anatoa kwa midomo aliyoibana kama anapoza chai, halafu tunaendelea.

Dawa ya kuumaliza kabisa hakuna, asikudanganye mtu na asali wala kombe, yale maji ya kunywa ya aya za Kurani. Ila ukiacha moshi, hata ukiwa na miaka 70, mapafu hayaharibiki kwa kasi ile tena. Jiko tushalitoa uwanjani, na hela ya mtungi wa gesi tunachangishana, imebaki kidogo.