Moyo Umerudi, Ubongo Bado: Kuhusu Kupoza Mwili na Kuzuia Homa

Kila nikizungumzia kumpoza mtu ambaye moyo wake ulisimama, hakosi wa kunikumbusha kisa cha Anna Bågenholm. Ni daktari wa Sweden ambaye Mei 1999, akiteleza kwenye theluji karibu na Narvik, Norwei, alitumbukia kwenye kijito akanaswa chini ya barafu kwa dakika 80. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø joto lake lilikuwa nyuzi 13.7 na moyo haupigi. Baada ya matibabu marefu alipona, akarudi kwenye udaktari.

Kisa ni cha kweli, lakini kimepotosha wengi, wakiwemo wenzangu wa fani. Bågenholm alipoa kwanza, moyo ukasimama baadaye. Kila joto likishuka nyuzi moja, ubongo hupunguza matumizi yake kwa asilimia 6 au 7 hivi, kwa hiyo damu ilipokatika ubongo wake ulikuwa tayari unaishi kwa kidogo sana. Mgonjwa ninayempokea ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, amepita njia ya kinyume. Moyo umesimama mwili ukiwa na nyuzi 37, watu wamemkandamiza kifua, ameshtuliwa kwa umeme, mapigo yamerudi. Nikimpoza, nampoza maji yakiwa yameshamwagika.

Je, kuna cha kuokoa hapo? Kipo. Seli za ubongo hazifi zote kwa mkupuo. Nyingi hufa saa na siku zinazofuata, damu ikiwa imesharudi: kalsiamu inafurika ndani ya seli, glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari, inamwagika kupita kiasi, ukuta unaotenga damu na ubongo unavuja, ubongo unavimba. Baridi hupunguza kasi ya hayo yote, na joto huyachochea.

Mwaka 2002 zilitoka tafiti mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya Melbourne, Australia. Ya Ulaya ilipoza wagonjwa hadi kati ya nyuzi 32 na 34 kwa saa 24. Waliopona wakaweza kujitegemea walikuwa asilimia 55, dhidi ya 39 kwa wasiopozwa. Katika kazi yetu tofauti kubwa hivyo ni adimu, na hospitali zenye uwezo zikaanza kununua mashine za kupoza.

Lakini kumpoza mtu si kumwekea barafu ukaondoka. Mwili unapigana. Ukishuka kuelekea nyuzi 35 unaanza kutetemeka, na huko kutetemeka kunazalisha joto na kula oksijeni ileile unayojaribu kuitunza. Mara nyingi huoni kitu kwa macho. Unaweka kiganja kwenye taya la mgonjwa, unahisi mtikisiko mdogo, au mstari wa moyo kwenye monita unakuwa na vikwaruzo. Hapo unaongeza dawa za usingizi, unatoa magnesiamu au pethidini, unamfunika mikono na miguu kwa blanketi lenye joto (ndiyo, unapasha ngozi ili mwili usitetemeke, upate kupoza viungo vya ndani). Ikishindikana, unalegeza misuli kabisa kwa dawa. Tatizo ni kwamba misuli ikilegea, degedege nalo linajificha, ubongo ukaendelea kuumia huku kitandani kumetulia tuli. Potasiamu, madini ya damu ambayo mapigo ya moyo huyategemea, nayo inashuka unapopoza, kisha inapanda unapopasha. Ndiyo maana kupasha huenda taratibu, robo hadi nusu nyuzi kwa saa.

Kwa hiyo swali likarudi: gharama yote hii inalipa? Mwaka 2013 wagonjwa 939 waligawanywa kati ya nyuzi 33 na 36, na matokeo hayakutofautiana. Mwaka 2021 ukaja utafiti wa TTM2, wagonjwa zaidi ya 1,800. Kundi moja lilipozwa hadi 33, jingine liliachwa kwenye joto la kawaida, ila likilindwa na homa. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki asilimia 50 na 48. Waliopozwa walipata zaidi mapigo yaliyovurugika kiasi cha kuangusha presha.

Mimi nasoma hivi: mwaka 2002 wasiopozwa hawakulindwa na homa, na wengi wao joto lilipanda. Baridi ilishindanishwa na homa, ikashinda. Iliposhindanishwa na mwili usio na homa, haikuwa na cha kuonyesha. Wapo wasiokubaliana nami, na wana hoja: utafiti wa Ufaransa wa 2019, kwa wagonjwa ambao moyo wao ulisimama kwa namna isiyorekebishika kwa kushtuliwa kwa umeme, ulipata nafuu kwenye nyuzi 33: waliopona wakaweza kujitegemea walikuwa asilimia 10.2 dhidi ya 5.7. Siwalaumu wanaoendelea. Nisichokubali ni kupoza kwa kubahatisha. Kwa watoto wachanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, ambako kupoza ni tiba ya kawaida nchi tajiri, utafiti wa India, Sri Lanka na Bangladesh wa 2021 ulikuta vifo vingi zaidi kwa waliopozwa. Jaribio dogo la Mulago, Kampala, lililotumia chupa za maji, lilikuwa limeonyesha mwelekeo huohuo tangu 2008.

Siku hizi kazi yangu kubwa ni kuhakikisha joto halipiti 37.7 kwa siku 3 za mwanzo, kama mwongozo wa Ulaya wa 2022 ulivyosema. Hilo halihitaji mashine ya gharama, linahitaji muuguzi mwenye kipima joto sahihi: cha kwenye mpira wa mkojo au kwenye umio. Kwapa linadanganya. Parasetamoli peke yake mara nyingi haitoshi, kwa hiyo tunaondoa mashuka, tunawasha feni, tunaweka vitambaa vibichi na pakiti za barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Nikisubiri hadi 38 nimeshachelewa. Naanza kuhangaika kwenye 37.5.

Siku ya pili ndugu huuliza kama mzee atazinduka. Nawaambia kabla ya saa 72 simkatii mtu tamaa, na kama alipozwa au figo zinasuasua, nasubiri zaidi, mpaka niwe na uhakika kwamba dawa za usingizi zimetoka mwilini.