Kimondo chenye namba 1 ndicho kilicholowa kuliko vyote

Juzi nimekutana nayo tena, safari hii katika rasimu ya makala niliyoombwa kuihakiki: kwamba kondriti (vimondo vya mawe ambavyo havijawahi kuyeyuka) za aina ya 1 ndizo ambazo hazijaguswa na chochote tangu Mfumo wa Jua uumbwe. Nimelisahihisha kosa hili kwa wanafunzi, kwa waandishi, hata kwa wenzangu wanaosomea nyota. Nimechoka kulisahihisha pembeni mwa karatasi za watu, kwa hiyo naliandika hapa kwa kirefu.

Ngazi ya namba tunayoitumia ilipendekezwa na Van Schmus na Wood mwaka 1967. Mahali pa kuanzia pake si 1, ni 3. Ukitoka 3 ukapanda hadi 6, unafuata joto: kingo za kondruli, yaani vitone vidogo vya mviringo vya mawe vilivyomo ndani ya kondriti, zinafifia, na chembe za madini yaitwayo olivini zilizokuwa tofauti tofauti zinaishia kufanana. Ukitoka 3 ukashuka hadi 1, unafuata maji. Kwa hiyo 1 na 6 zote ni miisho, na mwanzo uko katikati.

Ivuna, kimondo kilichoanguka Tanzania mwaka 1938 na kulipa kundi la CI (C ni ya kaboni) herufi yake ya pili, ni aina ya 1. Kiweke chini ya darubini ya elektroni utafute kondruli. Hutaziona. Utakachoona ni madini ya udongo, yaani serpentini na saponiti, pamoja na magnetiti, kaboneti na salfidi. Karibu kila kitu kilichokuwamo mwanzoni kimegeuzwa na maji. Mtu anawezaje kuutazama mwamba wa namna hii akasema haujaguswa?

Najua kosa linakotoka. Ukiacha hidrojeni, heliamu na elementi nyingine zinazopenda kubaki gesi, pamoja na lithiamu ambayo Jua lenyewe limeiteketeza, uwiano wa elementi ndani ya CI unalingana na wa Jua kuliko wa kimondo kingine chochote. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini chukua kitabu, kifunge ndani ya mfuko pamoja na maji, kiache humo mwaka mzima. Wino wote bado umo, ukiupima hutakosa hata tone, ila hakuna ukurasa unaosomeka. Kemia ya Ivuna ni ule wino. Anayetaka kusoma jinsi chembe za kwanza zilivyoundwa hana cha kusoma pale.

Hapo ndipo swali linaloninyima raha linapoanza. Maji yaliwezaje kubadilisha mwamba mzima bila kuhamisha sodiamu na potasiamu, ambazo huyeyuka upesi? Jibu ninaloliamini ni kwamba mwamba kuwa na matundu mengi si sawa na kupitisha maji. Vumbi linalojaza nafasi kati ya kondruli lina chembe ndogo, nyingi zikiwa chini ya mikromita moja, na njia kati yake ni nyembamba mno. Barafu iliyeyuka, maji yakabaki karibu na pale yalipoyeyukia, yakafanya kazi yake papo hapo. Elementi zilisogea, lakini kwa milimita, pengine sentimita.

Hata hivyo, siwezi kusema mfuko ulifungwa kabisa. Maji yanapooksidisha chuma hutoa hidrojeni, na gesi hiyo lazima ilitafuta njia ya kutoka. Tena, hesabu za joto za baadhi ya wenzetu zinaonyesha kwamba ndani ya asteroidi kubwa, miamba ya angani ambamo vimondo hivi vilitoka, maji yangepaswa kuzunguka kama kwenye chungu kinachochemka. Naegemea upande wa sampuli, lakini hoja ya upande wa pili haijafa.

Kuhusu chanzo cha joto sitakawia: ni alumini-26, alumini yenye mionzi ambayo nusu-maisha yake ni kama miaka 700,000. Asteroidi iliyojikusanya mapema iliyeyuka, iliyochelewa kidogo ikaokwa hadi aina ya 6, na iliyochelewa zaidi ikiwa na barafu nyingi ikapata uvuguvugu wa kuyeyusha barafu hiyo. Kuna pia vimondo vilivyolowa kwanza kisha vikakaushwa kwa joto kali, na kwa hiyo namba moja pekee haitoshi kuvieleza.

Halafu kuna Orgueil, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864. Mishipa yake myeupe ya salfeti ilichukuliwa kwa miaka mingi kuwa alama ya maji yaliyotiririka ndani ya asteroidi. Sasa inaonekana iliota hapa hapa duniani, kwa unyevu wa hewa, kimondo kikiwa kimehifadhiwa. Gramu 5.4 za asteroidi Ryugu zilizoletwa na chombo cha Japani Hayabusa2 mwaka 2020 ni za jamii ya CI, na hazina salfeti hizo. Sampuli za asteroidi nyingine, Bennu, gramu 121.6 zilizofika mwaka 2023, zina chumvi za sodiamu zilizoachwa na maji yaliyokauka, za aina ambayo hewa yetu ingeweza kuiharibu kabla hatujaiona. Naogopa kwamba sehemu ya tuliyofundisha kuhusu maji ya asteroidi ilikuwa habari ya makabati ya makumbusho.

Basi kipi hakijaguswa? Swali hilo huja kila mara, na huwa nawaelekeza Semarkona, kilichoanguka India mwaka 1940. Aina ya 3 imegawanywa vipande vidogo zaidi, na kwa kipimo cha kromiamu ndani ya olivini Semarkona kimo karibu kabisa na 3.00, mahali ambapo joto limegusa kidogo kuliko pote. Kondruli zake zina kingo kali, kila moja na kemia yake. Lakini vuta darubini kwenye vumbi lililo kati ya kondruli hizo, utakuta madini ya udongo. Maji yalifika hata huko.