Uvundo wa mabwawa ya viwanda: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bwawa linanuka kwa sababu maji ni machafu."

Uchafu ni chakula tu. Harufu hutegemea bakteria wanaula wakivuta nini. Pakiwa na oksijeni hutoa hewa ya ukaa na maji, ambavyo havinuki. Oksijeni ikiisha hutumia nitrati, na nitrati ikiisha hushika salfati (zote mbili ni chumvi zenye oksijeni ndani yake). Hapo ndipo huzaliwa salfaidi ya haidrojeni, gesi ya mayai viza.

Kwetu visiwani nukta hii ina uzito wake. Maji ya bahari yana takriban miligramu 2,700 za salfati kwa lita. Kisima cha pwani kilichoingiliwa na bahari kwa sehemu moja tu katika kumi huleta kiwandani kiasi cha miligramu 270 kwa kila lita. Ndiyo maana viwanda viwili vya maziwa vyenye uchafu sawasawa vinaweza kuwa na mabwawa tofauti kabisa: kimoja kinavumilika, kingine kinawafungisha majirani madirisha. Pimeni chumvi ya kisima kabla ya kuilaumu mashine ya kuingiza hewa.

"Maji yakirushwa juu kama chemchemi, hewa imeshaingia."

Imeingia, lakini kiasi gani? Fanyeni hesabu. Tuseme kiwanda kinatoa mita za ujazo 100 kwa siku, na uchafu wake unadai miligramu 1,500 za oksijeni kwa lita (kipimo cha BOD). Huo ni mzigo wa kilo 150 kwa siku. Zidisheni kwa 1.5, kwa sababu bakteria wenyewe nao wanapumua: kilo 225, yaani karibu kilo 9.4 kila saa. Mashine ya juu ya maji, katika maji machafu yenye joto kama yetu, ni salama kuihesabia kilo moja ya oksijeni kwa kila kilowati-saa. Zinahitajika basi kilowati 9 hadi 10, mchana na usiku. Chemchemi ya kilowati 1.5 itapendeza macho na uvundo utabaki palepale.

Joto nalo linatubana. Maji baridi ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu, huku bakteria wakila kwa kasi zaidi.

"Usiku tuizime, tuokoe umeme."

Bwawa halina ghala la oksijeni. Chukueni lenye mita za ujazo 1,000 na miligramu 2 kwa lita: ndani yake mna kilo 2 tu. Kwa mzigo ule wa kilo 9.4 kwa saa, zinaisha kwa takriban dakika 13. Na maji ya kijani, yenye mwani, yanayotoa oksijeni mchana huivuta yenyewe usiku, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana kinadanganya. Pimeni alfajiri, kabla jua halijachomoza, karibu na uso wa maji na tena nusu mita juu ya tope. Aliyeishi Unguja mwaka 2008, umeme ulipokatika takriban mwezi mzima, hahitaji kuelezwa kwa nini jenereta ya mashine hizi ihesabiwe tangu mwanzo.

"Sahani za mapovu chini ya bwawa hazina matengenezo."

Maji ya jiwe la matumbawe yana chokaa nyingi. Chokaa hiyo huganda kwenye vitundu vya mpira, shinikizo la kipuliza (mashine inayosukuma hewa kwenye sahani) hupanda, mota hupata moto. Fungeni geji ya shinikizo kwenye bomba kuu na muandike usomaji kila wiki. Ukianza kupanda, toeni sahani mzioshe kwa asidi hafifu.

"Likishavunda, washa mashine zote kwa nguvu."

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. Gesi iliyolala ndani ya maji hufukuzwa yote kwa pamoja, na tope likitibuliwa huongeza nyingine. Punguzeni kwanza mzigo unaoingia. Tieni nitrati ya kalsiamu siku chache kabla, ili bakteria wawe na cha kutumia badala ya salfati. Kisha washeni mashine moja, ya kina kifupi, mbali na tope, siku ambayo kusi au kaskazi inapeleka harufu upande usio na nyumba. Uso ukishika miligramu 1 ya oksijeni kwa lita, ongezeni ya pili. Kutia chokaa husaidia kwa muda, kwa kuwa hupandisha pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi hupungua): pH ikiwa 7, nusu ya salfaidi iko tayari kuruka, ikiwa 8, ni karibu sehemu moja kwa kumi. Ila chokaa haiondoi chanzo.

"Harufu imekata, hatari imekwisha."

Gesi hii ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi ndani ya dakika chache. Mtu anayeinama kwenye shimo la pampu anaweza asisikie kitu, naye yumo ndani ya kiwango kinachopanda kuelekea cha kuua. Asishuke mtu bila kipimo cha gesi na mwenzake aliyesimama juu akishika kamba. Na mwenzake huyo asimfuate chini akimwona ameanguka: amvute kwa kamba.