Je, wajua kwa nini baadhi ya mafundi huzamisha vifundo vya gitaa, vile vya kuzungusha ili kupandisha na kushusha sauti, ndani ya mbao?

Tazama gitaa la Fender Stratocaster. Tangu litoke mwaka 1954, kifundo chake cha sauti kimekaa jirani kabisa na nyuzi, umbali mfupi tu kutoka kwenye daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa. Wapo wanaokipenda hapo hapo: kidole cha mwisho kinakizungusha huku vidole vingine vikiendelea kupiga, na noti inachomoza taratibu kama ya fidla. Wapo pia wanaokilaani. Mkono ukichapa nyuzi kwa nguvu unakigonga, na sauti inashuka katikati ya wimbo, mpigaji akibaki kumkodolea macho fundi mitambo asiye na kosa.

Anayetengeneza gitaa kwa mkono hana kiwanda cha kumfunga. Anaweza kukisogeza kifundo mbali, au akakizamisha: anachimba kishimo cha duara usoni mwa gitaa, kifundo kinakaa humo, na kichwa chake kinalingana na ubao au kinajitokeza milimita mbili tatu tu. Mkono unapita juu bila kukwama. Gitaa likianguka kifudifudi, kishindo hakiuangukii mhimili uliobeba kifundo.

Sababu nyingine haionekani kwa nje. Mwili wa gitaa la umeme kwa kawaida una unene wa milimita 45 hivi, na katika mengi nyaya hukaa kwenye tundu lililochimbwa kutokea mgongoni. Humo ndimo inamofungwa potenshiometa, kifaa ambacho kifundo hukizungusha kwa mhimili wake ili sauti ipande au ishuke, ile ambayo kwa fundi redio ni “volumu” basi. Shingo yake yenye hesi, yaani mikato ya kushikia nati, ni fupi, mara nyingi haizidi sentimita 1, na lazima ipenye ubao kisha ibakize nafasi ya washa na nati. Ubao uliobaki juu ya tundu ukiwa na milimita 14, hesi haitokezi ng’o. Chimba kishimo cha milimita 9 kutoka juu, zinabaki 5, na nati inashika vizuri. Ukipitiliza ukachimba 12, umebaki na kitu chembamba kama biskuti, na siku ya kukaza nati utausikia mlio wake.

Kishimo chenyewe huchimbwa kwa biti (kekee ya drili) ya Forstner, ambayo huacha sakafu bapa na ukuta safi. Ina jina la mfua bunduki wa Marekani, Benjamin Forstner, aliyeipatia hataza mwaka 1874. Hapa mpangilio wa kazi una maana: kishimo kipana kwanza, tundu dogo la shingo baadaye. Biti pana huacha alama ya ncha yake katikati ya sakafu, na alama hiyo ndiyo inayoiongoza biti ndogo. Ukianza na tundu dogo, ncha ya biti pana haina pa kushika, inatangatanga.

Lakini kuchimba ni dakika chache. Kinachokula siku nzima ni mwanya kati ya kifundo na ukuta wa kishimo.

Kifundo kilichokaa juu ya ubao kinasamehe mengi. Kikipinda kidogo hakuna wa kukigundua. Kikiwa ndani ya shimo la duara, jicho linapata kipimo. Tuseme umeacha mwanya wa milimita 1.5 kuzunguka pande zote. Tundu la katikati likikosea kwa nusu milimita tu, upande mmoja unabaki na 1 na wa pili unakuwa na 2, yaani mara mbili. Hata mtoto ataona. Na makosa yenyewe ni ya aina mbili, yanayotambulika kwa kuzungusha. Mwanya ukiwa mpana upande uleule daima, aliyekosea ni shimo. Mwanya ukihamahama kadiri unavyozungusha, kifundo ndicho kilichotobolewa nje ya kitovu chake.

Kosa hilo la pili lina dawa nzuri. Fundi huchukua mhimili wa volumu iliyokufa, anaufunga kwenye mdomo wa drili, anakivalisha kifundo humo, kisha anakizungusha huku akikigusisha msasa uliogandishwa kwenye kijiti. Kifundo kinajikereza kwa kuufuata mhimili wa aina ileile kitakaoishi nao, na uduara wake unatoka hapo.

Kuhusu mbao ya kifundo, mimi ningechagua mpingo bila kufikiri mara mbili. Ni huu huu wa Kilwa na Lindi unaotengenezewa klarineti: mzito hadi unazama majini, na msasa laini unatosha kuung’arisha bila vanishi. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, hivyo barakoa ni lazima. Ukate nyuzinyuzi zake zikiwa zimesimama, zikielekea juu kama mhimili. Mbao husinyaa na kuvimba kwa upana, kwa urefu karibu hakuna. Nyuzinyuzi zikilala, kifundo kilichokuwa duara kule Tanga kwenye unyevu kinafika Dodoma kina umbo la yai. Shida ya kuzisimamisha ni kwamba kifundo hupasuka kirahisi kikisukumwa kwa nguvu kwenye mhimili, ndiyo maana wengi huweka ndani kipete cha shaba chenye skrubu ndogo ya kukazia.

Sasa turudi kwenye kuta za kishimo. Neno msasa lenyewe ni jina la mti: majani yake hukwaruza, na wachonga mbao waliyatumia kulainishia kazi zao kabla ya karatasi za dukani. Ukipitisha msasa kuzunguka ukuta wa duara utagundua kwamba mbao inabadilika chini ya mkono. Sehemu mbili zinazotazamana ni laini, kwa kuwa nyuzinyuzi zinakwenda sambamba na ukuta. Sehemu mbili nyingine ni ncha za nyuzinyuzi, mithili ya mirija iliyokatwa, na hizo hunywa vanishi zikawa nyeusi kuliko kwingine. Kwa hiyo, kwingine ukiishia msasa namba 240, kwenye ncha nenda mpaka 320 ulio laini zaidi, na mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwepesi. Msasa uviringwe kwenye kipande cha mti cha duara, wala usiusukume kwa kidole kitupu. Kidole ni laini mno, kinaviringisha ukingo wa juu, na ukingo ukishapoteza ukali wake haurudi.

Si kila gitaa linafaa kazi hii. Volumu ya kuvuta juu ili kubadili pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) inataka mahali pa kushika, na ndani ya shimo vidole havipati. Wale wa kuchomoza noti kwa kidole cha mwisho nao watalalamika, labda kishimo kichongwe kama sahani yenye mteremko upande mmoja.

Vanishi nayo ina unene. Mikono sita saba ndani ya kishimo hupunguza mwanya pande zote, kwa hiyo kifundo kilichokuwa kinazunguka huru kabla ya rangi kinaweza kuanza kusugua ukuta baada yake. Fundi akishakirudisha hukizungusha kutoka 0 hadi 10, polepole, gitaa likiwa halijachomekwa popote, macho yake yakiwa kwenye ule mwanya.